Sarafu za Mama na Kosa la Mkono Wangu

 Ndugu wasomaji, nimeona ni wajibu wangu kuwaeleza habari ya mfuko mdogo wa sarafu za fedha uliokuwa nyumbani kwangu hapa Morogoro, jinsi nilivyouharibu kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani natengeneza, na mambo niliyojifunza nilipokuwa nikitafuta njia ya kujitoa katika dhima ile. Siandiki haya kwa kupenda kujitangaza. Naandika kwa sababu najua ziko nyumba nyingi za Waislamu, pwani na bara, ambazo ndani ya kasha au kibuyu cha bibi mna riale mbili tatu au rupia chache, na wenyewe hawajui wafanye nini nazo. Huenda mmoja wao akasalimika kwa kulisoma kosa langu.

Bibi yangu mzaa mama alikaa katika milima ya Uluguru, upande wa mashariki, njia ya kwendea Kinole. Mtu aliyepata kufika huko anaijua mvua yake. Mjini Morogoro twaweza kukaa miezi ya kiangazi tukitazama mawingu yamekaa juu ya Lupanga bila ya kupata hata tone, ilhali upande wa pili wa mlima ukungu hauondoki na majani hayakauki. Katika nyumba ya namna hiyo, yenye moshi wa kuni kutwa na unyevu usiku kucha, bibi alihifadhi sarafu zake. Alizikunja katika kitambaa cha amerikani kilichofuliwa mara nyingi hata kikawa laini, akakitia katika kibuyu kikavu chenye kifuniko, na kibuyu hicho akakitundika chumbani alimolala, mbali na jiko. Hakuzitoa ila mara moja moja, na alipozitoa hakuzisugua hata kidogo. Zilikuwa nyeusi kama chuma. Nami nilipokuwa mtoto nilidhani ni chuma hasa.

Zilikuwa sarafu za namna tatu. Za kwanza zilikuwa riale 15, zile kubwa zenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, na riale zote zilizopigwa baada yake zimeandikwa mwaka huo huo, ijapokuwa ziliendelea kupigwa katika miji mingi ya Ulaya na hata Bombay kwa ajili ya biashara ya Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu. Hata Sayyid Barghash wa Unguja alipopigisha riale yake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882, riale ya Maria Theresa haikutoweka mikononi mwa watu. Bibi alituambia kuwa riale zile zilitoka kwa babu yake, aliyekuwa akichukua mizigo ya misafara mpaka Bagamoyo.

Za pili zilikuwa rupia 35 za wakati wa Wajerumani, zenye Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili simba na mtende. Rupia hizo zilianza kupigwa mwaka 1890 na kampuni ya Wajerumani iliyotawala kabla ya serikali yao, na ndizo watu walizozitafuta kwa jasho ilipowekwa kodi ya nyumba mwaka 1898. Za tatu zilikuwa shilingi 28 za Afrika Mashariki, zilizoanza kutumika mwaka 1921 wakati wa Waingereza, zenye simba amesimama na milima nyuma yake. Sisi watoto tulikuwa tukibishana kwamba milima ile ndiyo Uluguru yetu, na kwamba simba yule alionekana zamani karibu na mto Ngerengere.

Bibi alipokuwa bado na afya yake na akili zake timamu, alimpa mama yangu sarafu zile kwa mkono wake, mbele ya mashahidi, zikawa mali ya mama. Mama alikaa nazo miaka 9. Nyumba yake ikaanza kuvuja masika, akaogopa na wezi, basi akaja nazo mjini akanikabidhi, akaniambia: "Mwanangu, niwekee. Ni amana. Usizitoe, usizipunguze, wala usimpe mtu." Nikasema, "Nimepokea, mama." Maneno hayo mawili, ndugu msomaji, ni mepesi mdomoni, lakini mzigo wake ni mzito.

Ilipokaribia Idi ya mwaka ule, nilitaka kuwaonyesha watoto wangu urithi wa wazee wao. Nilipokifungua kitambaa nikaona haya kwa ule weusi. Nikajiambia, mali ya bibi haifai kuonekana chafu siku ya Idi. Nikachukua jivu la jikoni na ndimu na kitambaa kigumu, nikakaa barazani nikasugua. Rupia 21 nilizisugua mpaka zikang'aa kama vijiko vipya. Mikono iliponichoka nikaziacha rupia 14 zilizosalia, na riale zote sikuzigusa. Kisha nikanunua kijitabu cha mifuko laini ya plastiki, nikazitia shilingi na zile rupia zilizong'aa, nikakifunga kwa mpira ili kisifunguke, nikakiweka kabatini juu ya rafu ya nguo za sufi. Rupia nyeusi na riale nikazirudisha katika kitambaa cha bibi. Nililala usiku ule na moyo wenye furaha, nikijiona mtoto mwema.

Baada ya hapo mama hakuishi muda mrefu. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe na amkunjulie kaburi lake.

Siku za matanga zilipokwisha tukakaa kwa ajili ya mirathi. Sisi ni watoto watano, waume wawili na wake watatu. Baba yetu alitangulia zamani. Mjomba wetu, ndugu yake mama, alikuja kutoka mlimani. Ninyi mnaojua desturi ya Waluguru mnafahamu kuwa watu wa kwetu hufuata ukoo wa mama, na ardhi na mambo makubwa ya ukoo yana njia zake za tangu kale. Mjomba akasema kwa upole kuwa sarafu zile ni za ukoo, na kwa desturi zingerudi mikononi mwake. Hakuna aliyethubutu kumjibu kwa ukali, maana mjomba kwetu ni mzazi. Tukamwomba Maalim wa msikiti wetu atusaidie.

Maalim akatufundisha hatua kwa hatua. Kwanza gharama za maziko. Pili madeni, na katika madeni mna deni la Mwenyezi Mungu. Akauliza: "Sarafu hizi zilitolewa zaka?" Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kuwa vitu vya kale vilivyokunjwa kitambaani vina zaka. Tulizihesabu kuwa kumbukumbu, wala si mali.

Maalim akasema kuwa lugha yetu yenyewe inatukumbusha, kwa maana sisi husema "fedha" kwa madini na husema "fedha" kwa mali ya kununulia. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200. Dirhamu ya Kiislamu, ambayo Khalifa Abdulmalik bin Marwan aliipiga kwa maandishi matupu bila ya sura kuanzia mwaka 79 wa Hijra, ilikuwa na uzito wa karibu gramu 3, na kwa hesabu inayotumiwa na wanazuoni wengi dirhamu 200 ni gramu 595. Na kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi, fedha iliyochanganywa na shaba huangaliwa ile fedha safi iliyomo ndani yake. Basi tukapiga hesabu. Riale moja ina gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 fedha ni sehemu 833, hivyo fedha safi ni gramu 23.4. Rupia ina gramu 11.66, na fedha safi ndani yake ni karibu gramu 10.7. Shilingi ya zamani, hizi zilizopigwa kabla ya mwaka 1948, ina gramu 7.78, lakini fedha ni robo tu, yaani chini kidogo ya gramu 2. Jumla ya mfuko mzima ikawa karibu gramu 780 za fedha safi. Nisabu ilikuwa imepita kwa mbali, na mama alikaa nazo miaka 9.

Nataka vijana waangalie jambo hili vizuri. Zaka ya mwaka mmoja ni robo ya sehemu ya kumi, yaani gramu 19 na nusu, ambayo haifiki hata fedha iliyomo katika riale moja. Ni kitu kidogo sana. Lakini kwa kuachwa mwaka hadi mwaka, tukipunguza kila mwaka kile kilichokuwa haki ya maskini, deni lilifika karibu gramu 159. Tukauza sehemu ya mavuno ya shamba la mama tukalipa deni hilo kwanza, na kwa ajili ya bibi tukatoa sadaka. Katika Surat at-Tawba, aya ya 34, Mwenyezi Mungu amewaonya kwa onyo kali wale wanaolimbikiza dhahabu na fedha wasizitoe katika njia Yake. Wanazuoni wengi wamefafanua kuwa mali iliyotolewa zaka yake haiwi ile hazina iliyokemewa. Kwa hiyo kuhifadhi riale ya bibi si dhambi. Dhambi ni kuihifadhi na kuificha haki iliyomo ndani yake.

Kisha Maalim akamgeukia mjomba kwa heshima, akamweleza kuwa madhali marehemu ameacha watoto wa kiume, ndugu yake hapati fungu katika mirathi. Hapo hapo akatukumbusha sisi kuwa katika Surat an-Nisa, aya ya 8, tumeamrishwa kwamba jamaa wasiorithi, na mayatima na maskini, wakihudhuria mgawanyo tuwape kitu na tuwaambie maneno mema. Tukakubaliana sote riale moja apewe mjomba. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kitambo, akasema kuwa aliicheza riale hii hii alipokuwa mtoto mbele ya mama yake. Zikabaki riale 14. Mafungu yetu ni 7, kila mwanamume mawili na kila mwanamke moja. Hesabu ikakaa sawa bila ya kukata wala kuongeza.

Hapo ndipo kosa langu lilipofichuka.

Dada zetu wawili na mdogo wangu wa kiume walipenda kuziuza baadhi, kwa kuwa mmoja ana mtoto shuleni na mwingine ana madeni. Tukazipeleka Dar es Salaam kwa mtu mwenye ujuzi wa sarafu za kale, mzee mpole, Mwislamu. Akatandika kitambaa mezani, akazishika moja moja kwa ukingo wake, kamwe hakugusa uso. Alipofika kwenye zile rupia nilizozisugua akanyamaza. Mwisho akauliza: "Nani alizitesa hizi?" Akanipa kioo cha kukuzia. Nikaona uso wa Kaizari umejaa mikwaruzo myembamba kama njia za siafu, na manyoya ya simba, ambayo katika zile rupia nyeusi yalikuwa yakionekana unywele mmoja mmoja, katika hizi yamelainika kama sabuni iliyotumika. Akasema kuwa rupia 14 nyeusi zatafutwa na wenye kukusanya sarafu, lakini zile 21 zangu haziwezi kuuzwa ila kwa bei ya chini sana, nyingine kwa uzito wa fedha tu.

Nikamwuliza: "Je, weusi ule si uchafu?" Akanieleza, nami naandika kama nilivyofahamu, kwa kuwa ndiyo elimu iliyonigharimu.

Fedha haishiki kutu kama chuma. Hewa safi peke yake haiidhuru. Kinachoigeuza nyeusi ni salfa, yaani kile kitu kilichomo katika kiberiti, ambacho huelea hewani kikiwa gesi yenye harufu kama ya yai bovu. Gesi hiyo ikikutana na fedha penye unyevu, hufanya juu yake utando mwembamba sana. Mwanzo utando huo ni wa manjano kama asali, kisha huwa wa rangi ya kahawia na buluu, na mwisho mweusi. Salfa hutoka katika moshi wa makaa na mafuta ya taa, katika mayai, katika sufi, katika mpira, na katika karatasi na maboksi ya bei rahisi. Lakini utando ule ukikaa sawasawa juu ya sarafu huwa kama ngozi yake, na kazi ya mpiga sarafu hubaki salama chini yake. Mtu anapousugua kwa jivu au mchanga au dawa ya meno haondoi weusi peke yake. Huondoa na fedha yenyewe, kwa sababu weusi ule umetokana na fedha ya juu ya sarafu. Ndimu nayo ni asidi, hula shaba iliyochanganywa ndani na kuuacha uso umekufa. Kilichoondoka hakirudi.

Kisha akafungua kile kijitabu cha plastiki. Shilingi zilikuwa zimeanza kutoa majimaji ya kijani yenye kunata. Akasema hiyo ni ile plastiki laini iitwayo PVC, ambayo kwa joto na muda hutoa mafuta na asidi, na asidi hiyo hushika shaba. Shilingi zile zina shaba nyingi kuliko fedha, ndiyo maana ziliumia kwanza. Na ule mpira nilioufunga uliacha mstari mweusi juu ya rupia mbili, kwa sababu mpira hutiwa salfa unapotengenezwa. Na rafu ya nguo za sufi ikamalizia. Yaani kila nilichokifanya kwa nia ya kulinda kilikuwa sumu. Bibi yangu, asiyejua kusoma, kwa kitambaa chake cha pamba na kibuyu kikavu mbali na jiko, alizilinda vizuri kuliko mimi niliyesoma.

Tulipotoka nje, mdogo wangu akanivuta pembeni. Akasema amesikia kuwa sarafu ikifungiwa na yai lililochemshwa hugeuka nyeusi tena kwa siku chache. Tukizifanya hivyo zile 21, kisha tukazipeleka kwa mnunuzi mwingine asiyetujua, nani atatambua? Nakiri mbele yenu kuwa nafsi yangu iliyapenda maneno yale. Ningeondokana na aibu na deni kwa siku moja, na ndugu zangu wangepata fedha yao. Tulikaa kimya njia nzima ya kurudi Morogoro, basi likipita Chalinze, nami nafikiri. Ikanijia habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu ndani, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha, na kusema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Nafaka ile ililoweshwa na mvua, si na mwenyewe, na bado alilaumiwa kwa kuificha. Je, mimi niliyeharibu kwa mkono wangu, kisha nifiche kwa yai? Tulipofika Msamvu nikamwambia mdogo wangu: "Hatufanyi." Akanijibu: "Nami nilikuwa nangoja uliseme hilo."

Usiku huo nikaenda kwa Maalim nikamweleza yote. Akaniambia kuwa mwenye kuwekewa amana halipi kinachoharibika bila ya kosa lake, lakini akizembea au akivuka mpaka aliowekewa hulipa. Mama aliniambia nisizitoe. Mimi nilizitoa, nikazisugua, nikazihamisha. Nia yangu njema inaniondolea dhambi ya khiana, lakini haindoi haki ya wenyewe. Basi ile tofauti ya bei ni deni juu yangu kwa mama, na sasa kwa warithi wake. Fungu langu mwenyewe, yaani sehemu 2 katika 7, linaanguka, na sehemu 5 nadaiwa.

Nikawaita ndugu zangu, nikasema mbele yao. Mdogo wangu akasamehe sehemu zake 2. Dada zangu wawili wakasamehe kila mmoja yake. Dada yetu mmoja alikaa kimya, kisha akasema: "Kaka, mimi naitaka haki yangu. Mtoto wangu atafukuzwa shule." Wengine wakamtazama kwa jicho baya. Mimi nikawaambia wasimtazame hivyo, kwa kuwa msamaha ni fadhila na haki ni haki, na mwenye kudai haki yake hana lawama. Nikamlipa kidogo kidogo kwa miezi 5, kutoka katika mshahara wangu. Mwezi wa mwisho alipopokea alilia, nami nikalia. Leo, alhamdulillahi, hakuna nyumba ninayoingia kwa raha kama yake.

Sasa, ndugu wasomaji, hebu niyaweke pamoja niliyojifunza, ili kila nyumba ifaidike.

Mwenye sarafu za fedha za kale asizisugue kwa kitu chochote, wala jivu, wala ndimu, wala dawa ya meno, wala dawa za dukani za kung'arishia. Ile njia ya karatasi ya aluminiamu na magadi katika maji ya moto inafaa kwa vijiko, haifai kwa sarafu ya thamani, kwani huacha uso mkavu usio na uhai. Kama pana vumbi, aioshe kwa maji safi yaliyochujwa, aigusishe kitambaa laini cha pamba bila ya kusugua, aiache ikauke kabisa. Majimaji ya kijani ya plastiki huondolewa kwa asetoni safi, lakini kazi hiyo ifanywe na mjuzi, mahali penye hewa, mbali na moto na watoto. Ndivyo mzee yule alivyoziokoa shilingi zetu nyingi.

Mtu aishike sarafu kwa ukingo, na mikono iwe imenawiwa na kukaushwa, kwa maana jasho lina chumvi. Aiweke kila moja peke yake zisigongane, katika plastiki ya poliesta au polietilini na si ile laini yenye harufu ya PVC, au katika karatasi isiyo na asidi. Asitumie mpira, wala sufi, wala dawa ya nondo. Asiweke jikoni wala karibu na taa ya mafuta. Kwa sisi wa milimani na wa pwani, adui mkubwa ni unyevu, basi atie ndani ya kopo vile vifuko vya chembechembe za silika vinavyowekwa katika viatu vipya, na avibadili vikishiba maji. Afungue atazame mara moja kila msimu, kabla ya vuli na baada ya masika. Asitoboe riale wala asiunganishe kitanzi kwa ajili ya mkufu. Na aandike katika daftari idadi, uzito na mwenye mali, aweke na mashahidi.

Tena ajue hukumu zake. Azipime, na nisabu ikitimia kwa mwaka mzima atoe zaka. Akiuza fedha kwa pesa, wapeane hapo hapo mkono kwa mkono, pasiwe na kukopeshana. Asibadilishe fedha kwa fedha yenye uzito zaidi kwa sababu moja ni ya kale na nyingine si ya kale, maana hiyo ni riba. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu aliyebadilisha tende duni nyingi kwa tende nzuri chache kwamba auze zile kwa dirhamu, kisha anunue hizi. Na akiuza aseme aibu ya sarafu yake kabla ya kuulizwa. Anayefukua sarafu ardhini naye asikimbilie kwa mnunuzi, bali atoe habari serikalini. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbuzi walifukua sarafu zaidi ya 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala Waislamu wa pwani yetu, na laiti zingaliyeyushwa na mfua fedha, sehemu kubwa ya historia yetu ingalipotea nazo.

Mimi nimebaki na riale 4, rupia 10 na shilingi 8. Katika rupia hizo, 6 ni zile nilizozisugua. Sikuziuza. Nimeziweka makusudi, na kila mwaka siku ya kutoa zaka nawatolea watoto wangu nawaonyesha zile 4 nyeusi na hizi 6 zilizong'aa, nawapa kioo watazame wenyewe. Kisha nawaonyesha ukingo wa riale, palipoandikwa kwa Kilatini maneno yenye maana ya "kwa haki na huruma". Malkia aliyeyachagua hakuwa wa dini yetu, lakini nawaambia kuwa hayo ndiyo niliyotendewa na ndugu zangu, mmoja kwa haki na watatu kwa huruma, na yote mawili yalinifaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana za wazee wetu, atusamehe tunapokosea bila ya kujua, na atupe nguvu ya kukiri tunapojua. Wabillahi tawfiq.